DOSBox, Runtime error 200 na mvua za Karagwe: tathmini ya emuleta iliyogoma kuwaka

Ukitoka Omurushaka na bodaboda kuelekea Nkwenda huku laptopu ikiwa mgongoni, ukifika unaomba kitu kimoja tu: iwake. Yangu iliwaka. Kilichogoma ni mashine nyingine iliyo ndani yake, ile ya kuigiza. Nilibonyeza alama ya DOSBox, dirisha likamulika kama radi na kupotea. Nikabonyeza tena, ikawa vilevile. Mzee niliyemfuata, karani mstaafu aliyejaza takwimu za mvua miaka ya tisini, alikuwa ameketi pembeni yangu akisubiri kuiona tena kazi yake ya ujanani. Akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, kwani imeharibika?" Nikamjibu, "Hapana mzee wangu, ni mipangilio tu." Ukweli ni kwamba sikuwa najua ni nini.

Nimeandika makala hii baada ya kujua. Ni tathmini ya DOSBox, programu inayoiga kompyuta ya zamani ya DOS. Lakini siitathmini kama mcheza gemu, maana hao wameshaandika vya kutosha. Naitathmini kama mtu mwenye flopi za data na mwenye swali ambalo jibu lake limefungiwa ndani ya hizo flopi. Nitakueleza kwa nini iligoma mara mbili kwa sababu mbili tofauti kabisa, dawa yake ni nini, na kwa nini lawama yangu kubwa kwake inahusu kitu ambacho ilikifanya kimyakimya, tena bila kugoma hata kidogo.

Kwa nini nisiachane nazo

Kwanza ujue kilichokuwa kinagombaniwa. Huku Karagwe na Kyerwa mvua zina misimu miwili, masika na vuli, na kahawa na migomba hufuata kalenda hiyo. Kaa kijiweni popote Kayanga utasikia kwamba vuli siku hizi inachelewa. Inawezekana. Lakini huwezi kusema kitu kimechelewa kama hujui zamani kilikuwa kinafika lini, na hilo linahitaji vipimo vya kila siku, mwaka hadi mwaka, kutoka vituo vilevile.

Vipimo hivyo vilikuwepo. Vilijazwa kwa mkono, kisha vikaingizwa kwenye kompyuta kwa programu ndogo iliyoandikwa na mtu wa ofisi hiyohiyo. Baadaye ofisi ilihama, daftari nyingi zikaliwa na mchwa, zikabaki flopi chache na programu yake. Humo ndani Kaisho, Murongo na Nkwenda zote zimeandikwa "Karagwe", kwa sababu Kyerwa ilikuwa haijawa wilaya. Iligawanywa 2012. Kwa hiyo ukiona takwimu ya zamani inasema Karagwe, usidhani ni Karagwe hii ya leo.

Linganisha na utafiti mwingine wa mkoa huuhuu na wa miaka ileile. Kati ya 1991 na 1994 Benki ya Dunia na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walizifuatilia kaya zaidi ya 900 za Kagera, wakazirudia hadi mara nne. Mwaka 2004 watafiti walirudi tena, wakapata angalau mtu mmoja wa kuhojiwa katika asilimia 93 ya kaya zile za mwanzo, na 2010 wakarudi tena. Data hiyo leo unaipakua bure mtandaoni pamoja na mwongozo wake, kwa sababu kila umbo la faili lilipozeeka palikuwa na mtu wa kuihamishia kwenye umbo jipya. Data ya ofisi ndogo haina mtu huyo. Wa kumsaidia mwenye data ndogo ni emuleta, na ndiyo sababu ninaona emuleta zinastahili kukosolewa kwa umakini uleule tunaoutumia kwa vifaa vya maabara.

Mashine ndani ya mashine

Kwa ufupi kwa wasioijua: emuleta ni programu inayojifanya kompyuta. Programu ya zamani inapotoa agizo kwa prosesa, emuleta inalisoma agizo hilo na kulitekeleza kwa niaba ya prosesa ambayo haipo. Programu ikiuliza saa, emuleta inaitajia saa. Ikiandika kwenye skrini, emuleta inachora dirishani. Mgeni aliye ndani hajui kwamba nyumba nzima ni ya kuigiza.

DOSBox ilitoka mara ya kwanza 2002, kazi ya Waholanzi wawili, Peter Veenstra na Sjoerd van der Berg. Ni ya bure na msimbo wake uko wazi. Toleo ambalo bado limeenea sana ni la familia ya 0.74, iliyoanza 2010. Iko nyepesi kiasi kwamba laptopu ya mtumba inaibeba bila kuhema. Lakini ilitengenezwa kwa ajili ya gemu, na waliotengeneza hawakuficha hilo. Shika hoja hiyo, tutairudia.

Kwanza jua nani amekufa

Hapa ndipo wengi tunapopoteza muda. Emuleta "ikigoma kuwaka", kuna mashine mbili, na inawezekana ni moja tu iliyokufa. Ukichanganya vifo hivyo viwili utatibu mgonjwa ambaye si yeye.

Kipimo chake ni rahisi. Dirisha lote likipotea na kukurudisha kwenye eneo-kazi lako, aliyekufa ni mwenyeji, yaani emuleta yenyewe. Dirisha likibaki, ujumbe wa kosa ukatokea, na chini yake ukaona alama ya C:\> inayokusubiri uandike, basi emuleta ni nzima kabisa. Aliyekufa ni mgeni, ile programu ya zamani, na mwenyeji amekutangazia msiba tu.

Kwangu mimi cha kwanza kilikuwa kifo cha mwenyeji. Faili langu la mipangilio sikuliandika mwenyewe, nilikuwa nimelinakili kutoka kwa mtu aliyelitengeneza kwa ajili ya gemu kwenye kompyuta yake nzuri. Katika sehemu ya picha alikuwa ameweka output=opengl, yaani kadi ya picha ifanye kazi ya uchoraji. Kadi ya laptopu yangu, pamoja na kiendeshi chake chakavu, haikuiweza kazi hiyo. Nikaweka output=surface, ambayo haidai makuu, na dirisha likasimama. Dakika moja tu. Lakini kabla ya dakika hiyo nilikuwa nimeiondoa DOSBox na kuiweka upya mara tatu, na kila mara ilikuwa inalisoma faili lilelile la mipangilio, kwa sababu hilo hukaa kwenye folda ya mtumiaji, mbali na programu yenyewe. Unaiondoa programu, ugonjwa unabaki.

Basi dirisha likasimama. Nikaandika jina la programu ya mvua, nikabonyeza Enter. Ikatoka hii:

Runtime error 200

ikifuatiwa na namba za anwani, na chini yake C:\>. Safari hii aliyekufa ni mgeni.

Kosa 200, au namna ujumbe unavyoweza kusema uongo

Ukifungua mwongozo wa Turbo Pascal, kosa namba 200 limeelezwa kuwa ni kugawa kwa sifuri. Mtu wa kawaida ataanza kutafuta sifuri kwenye data: labda kuna mwezi usio na siku, labda kituo hakina vipimo. Nami nilitafuta. Nilipoteza jioni nzima kwa ajili hiyo, na umeme nao haukunihurumia. Sifuri haikuwepo. Programu ilikuwa inakufa kabla haijafungua faili hata moja.

Kilichotokea ni hiki. Turbo Pascal ya Borland, toleo la 7 la 1992, ilikuja na kipande cha msimbo kinachoitwa Crt, cha kushughulikia skrini na kibodi. Karibu kila aliyetaka kuandika maandishi ya rangi alikiita. Ndani ya Crt kuna amri ya kusubiri: subiri milisekunde 100, kisha endelea. Ili isubiri sawasawa, Crt inahitaji kujua kompyuta hii inakimbia kiasi gani. Kwa hiyo kila programu inapowaka, kabla ya mstari wa kwanza wa mwandishi kuguswa, Crt inafanya jaribio dogo.

Saa ya kompyuta za aina hiyo hupiga mara 18.2 kwa sekunde, yaani kila baada ya milisekunde 55 hivi. Crt inasubiri pigo moja, inaanza kuzunguka mzunguko mdogo huku ikihesabu, na pigo la pili likifika inaacha. Kisha inagawa hesabu hiyo kwa 55. Jibu ni idadi ya mizunguko katika milisekunde moja. Hesabu ya busara kabisa, huwezi kumlaumu aliyeifikiria.

Tatizo ni kisanduku cha kuwekea jibu. Kina biti 16, kwa hiyo namba kubwa kuliko zote inayoingia humo ni 65,535. Kwenye mashine za 1992 hilo lilikuwa jumba tupu. Lakini prosesa zilipopita takriban megahezi 200, mizunguko ndani ya milisekunde 55 ikaanza kupita milioni tatu na laki sita, na jibu likawa halienei tena. Sasa prosesa za familia ya Intel zina tabia moja: ukigawa kwa sifuri zinapiga kengele fulani, na jibu la mgawanyo lisipoenea kisanduku zinapiga kengele ileile. Turbo Pascal inaposikia kengele hiyo, inaandika 200 na kufa.

Fikiria karani wa kupimia kahawa ambaye daftari lake lina nafasi ya tarakimu chache tu. Anakuja mkulima mwenye mavuno ya ajabu, kilo zake hazienei kwenye safu. Karani badala ya kusema "daftari langu ni dogo", anafunga daftari na kutangaza kwamba mkulima hakuleta kitu. Ndivyo Runtime error 200 ilivyo. Hakuna aliyegawa kwa sifuri. Kigawanyo kilikuwa 55, na siku zote kilikuwa 55. Kosa la programu ni kwamba ilidhani dunia haitakuja kuwa na kasi kubwa kuliko kisanduku chake.

Na halikuwa jambo la programu ya ofisi moja ya Karagwe. Turbo Pascal ilikuwa lugha ya wengi wakati ule, kuanzia wanafunzi hadi taasisi. Hata Epi Info, programu ya CDC ya Marekani ya kuchambua data za magonjwa iliyotoka mara ya kwanza 1985, iliandikwa kwa Turbo Pascal. Kwa hiyo kama una flopi ya enzi hizo kabatini, usishangae ukikutana na namba hii.

Dawa ni kupunguza mwendo

Kwenye kompyuta halisi si rahisi, prosesa haipungui kasi kwa kuombwa tu. Kwenye DOSBox kasi ni mpangilio mmoja tu, unaoitwa cycles: ni maagizo mangapi mgeni aruhusiwe kutekeleza katika kila milisekunde. Lile faili nililonakili lilikuwa na cycles=max, maana mcheza gemu alitaka mbio zote. Nikaweka:

cycles=fixed 3000

Programu ikafunguka papo hapo. Menyu ya bluu, herufi za njano, majina ya vituo. Mzee akacheka peke yake.

Hesabu yake unaweza kuifanya mwenyewe. Maagizo 3,000 kwa milisekunde, mara 55, ni 165,000. Mzunguko wa Crt una maagizo kama matano, kwa hiyo unazunguka mara 33,000 hivi. Gawa kwa 55 upate 600. Kisanduku kinabeba 65,535, kwa hiyo nafasi imejaa tele. Ukigeuza hesabu, hatari inaanzia pale cycles zinapopita kama 327,000. Hii pia inaeleza jambo lililonichanganya mwanzoni: mara chache programu ilikubali kufunguka hata kwenye max. Ni kwa sababu kwenye max DOSBox hujirekebishia kasi yenyewe kadiri inavyopima nafasi iliyopo kwenye mashine. Ukibahatika kuingia ikiwa bado chini unapita. Kosa la namna hiyo, linalotokea leo na kesho halitokei, ndilo linalowafanya watu waamini kompyuta ina mashetani.

Kuna dawa nyingine, viraka vinavyobadilisha faili la programu lenyewe ili mgawanyo ule uachwe. Vinafanya kazi. Lakini mimi sivipendi kwa kazi ya kumbukumbu. Programu ile ni ushahidi, na huenda iliyo mkononi mwako ndiyo nakala pekee iliyobaki. Ukiwa na uchaguzi kati ya kuubadilisha ushahidi na kuibadilisha mashine inayousoma, badilisha mashine. Ukilazimika kutia kiraka, tia kwenye nakala.

Inapostahili sifa

Hapo ndipo DOSBox inapong'ara kuliko wenzake wengi. Sifa ya emuleta kwa kawaida ni mbio. Huyu anajua kwenda polepole kwa makusudi, na kwa programu za zamani huo ndio uaminifu wenyewe. Ilivyo ukiiweka mara ya kwanza bila kuigusa, huzipa programu za kawaida za DOS cycles 3,000 zilezile. Yaani kama nisingenakili faili la mtu, nisingekutana na Runtime error 200 kabisa. Kosa la pili lilikuwa langu, nalibeba.

Linganisha na QEMU ya Fabrice Bellard, iliyoanza 2003. QEMU ni mashine nzito ya kazi, na hata emuleta ya simu za Android imejengwa juu yake. Ndani yake unaweza kuweka FreeDOS na programu ya mvua ikaishi humo. Lakini QEMU kwa asili yake hukimbia kadiri inavyoweza. Njia ya kuibana ipo, inaitwa icount, ila si kitu utakachomwelekeza mtu wa ofisi kwa simu. Kwa upande mwingine QEMU ina adabu moja ambayo DOSBox haina. Ukiiamuru itumie KVM, msaada wa prosesa halisi, na msaada huo umezimwa kwenye BIOS kama ilivyo kwenye laptopu nyingi za mtumba, inasimama na kukuambia kwamba haikuifikia KVM. Ukitaka, unaipa orodha, KVM kwanza na TCG ikishindikana, nayo inashuka ngazi yenyewe. Inakwambia imekwama wapi, kisha inakupa njia ya kupita.

Lawama zangu tatu

La kwanza ni kifo kisicho na maneno. Mwenyeji anapokufa, sababu huandikwa kwenye dirisha dogo la pembeni linalofungwa baada ya sekunde chache, kama mtu anayekwambia jina la dawa huku basi linaondoka. Ujumbe uwe ndani ya faili, na njia ya faili hilo ionekane. Si kazi kubwa.

La pili ni faili la mipangilio lenyewe. Linafichwa kwenye folda ambayo mtumiaji wa kawaida haioni, linabaki baada ya programu kuondolewa, na halipimwi linapohamia kwenye mashine nyingine. Mpangilio usiowezekana kwenye kompyuta hii unatakiwa uonywe na kurukwa. Kuuacha uangushe nyumba nzima si sawa. Watu wetu wanapeana mafaili kwa flashi na WhatsApp, huo ndio utamaduni wa kompyuta tulio nao. Programu isiyotarajia kunakiliwa haijatarajia watumiaji wake.

La tatu ndilo zito. Programu ya mvua haikuwa na njia ya kuhifadhi ripoti kwenye faili la maandishi, ilijua kuchapisha tu, kwa printa iliyoungwa kwenye LPT1. Nikachagua kituo, nikachagua mwaka, nikabonyeza "Chapisha". Programu ikajibu kwamba ripoti imechapishwa. Hakuna kosa, hakuna onyo. Na hakuna ripoti. DOSBox 0.74 haina printa. Ina LPT1 ya jina tu, unachoimwagia kinapotea kama maji kwenye mchanga, huku mgeni akiambiwa kimefika.

Kwa gemu hilo si kitu, nani anachapisha gemu? Lakini kwa data ni hatari kuliko kugoma kote nilikosimulia. Runtime error 200 ilinipotezea jioni moja, na nilijua nimeipoteza. Printa ya uongo ingeweza kumfanya mtu afunge kompyuta akiamini kazi imekwisha. Katika vifaa vya utafiti, kile kinachogoma kwa kelele unaweza kuishi nacho. Kinachokubali kwa uongo ndicho cha kuogopa. Suluhisho nililipata kwenye tawi la mradi huu liitwalo DOSBox-X, ambalo huruhusu LPT1 ielekezwe kwenye faili. Mstari mmoja, parallel1=file, na ripoti zikaanza kutiririka.

"Si ungesoma faili moja kwa moja?"

Swali hili utaulizwa na kila anayejua Python kidogo, na ni swali zuri. Jibu: nilifanya hivyo pia. Si rahisi sana, kwa sababu Turbo Pascal huhifadhi namba zenye desimali kwa aina yake ya Real yenye baiti sita, ambayo prosesa za leo hazina. Lakini muundo wake unajulikana: baiti moja ya kipeo, biti 39 za namba yenyewe, na biti moja ya alama ya chanya au hasi. Mistari michache ya msimbo inautafsiri.

Nikaweka matokeo ya msimbo wangu sambamba na ripoti za programu. Jumla nyingi zilikubaliana, nikaanza kujisifu. Kisha nikafika vuli ya 1997. Msimbo wangu ulionyesha siku nyingi mfululizo za sifuri kwenye kituo kimoja cha upande wa Kyerwa ya leo. Vuli ya 1997, ndugu msomaji! Ile ya El Niño, mvua ambazo Afrika Mashariki nzima inazikumbuka. Programu ya zamani, kwa siku hizohizo, haikuonyesha sifuri. Ilionyesha kistari.

Nikamuuliza mzee. Akasema bila kufikiri, "Barabara ilikatika, fomu hazikufika. Ukiacha wazi programu inakataa, kwa hiyo tulibonyeza H." H ya "haikupimwa". Nikarudi kwenye faili: pembeni ya kila namba kulikuwa na herufi moja niliyoipuuza nikidhani ni uchafu. Programu ilihifadhi sifuri na H pamoja, na ilijua kwamba sifuri yenye H si sifuri. Kanuni hiyo haikuandikwa kwenye data. Iliandikwa kwenye programu, na kwenye kichwa cha mzee.

Fikiria ningeishia kwenye Python. Wiki zilizonyesha kuliko zote zingeingia kwenye jedwali langu kama ukame. Ningechora grafu nzuri, na mtu angeinukuu.

Hii ndiyo hoja yangu kuhusu thamani ya emuleta. Haituhifadhii namba, namba unaweza kuzitoa kwa njia nyingine. Inatuhifadhia namna programu ilivyokuwa inazielewa namba zake. Ndiyo maana namna emuleta inavyogoma, na namna inavyokubali, si suala la mafundi peke yao.

Hukumu

Kama una programu ya DOS kwenye flopi, anza na DOSBox-X badala ya DOSBox ya kawaida, kwa sababu ya printa. Anza na mipangilio yake ya asili, usinakili ya mtu. Ikigoma, uliza kwanza nani amekufa, mwenyeji au mgeni. Ukiona Runtime error 200 usitafute sifuri, punguza cycles. Fanyia kazi nakala, flopi ya asili ikinge isiandikwe na uiweke pakavu. Na kabla hujaamini ripoti yoyote, fungua faili lililotoka ulione kwa macho yako.

DOSBox naipa alama ya juu kwa kujua kwenda polepole, na alama ya chini kwa ile LPT1. Lakini kuna kifaa kimoja ambacho hakina emuleta. Siku ile Nkwenda, tulipomaliza, mzee aliomba tupitie vituo vyote kimoja kimoja. Kila penye H alinieleza sababu: huyu mpimaji aliugua, hapa kipimo kiliibwa, hapa palikuwa na msiba. Niliandika mpaka giza likaingia. Ukiwa na flopi, tafuta pia aliyekuwa akibonyeza kibodi, na umtafute kabla ya kuhangaika na mipangilio.